Doa la Mwanafunzi Mzee

Kanisani kwetu huku Ikinga, ukiingia ukageuka kuutazama ukuta wa mlango, upande wa kushoto pana doa. Ni doa la mafuta ya nyonyo, jeusi, pana kama ungo mdogo, na liko usawa wa kichwa cha mtu mfupi aliyeketi. Kila mwaka Krismasi ikikaribia akina mama huchota udongo mweupe kule bondeni wakapaka kuta zote. Doa linafunikwa, kanisa linang'aa, tunasifiana. Haifiki Pasaka, doa limerudi. Kwanza linakuja kama jasho, halafu kama kivuli, halafu lenyewe. Mimi nililichukia doa lile kuliko ninavyowachukia funza wa miguuni, na funza nimewachukia sana, wamenila kucha mbili.

Mwenye kichwa hicho tulimwita Mwanafunzi, na mvi zilikuwa zimemshuka mpaka masikioni. Jina alilipata kwa sababu aliingia darasa la ubatizo siku zile Mwingereza amekuja mpya, Mjerumani ameondoka juzi, na hakutoka tena darasani. Wengine tulikaa humo mwaka mmoja, miwili, wazito wa kichwa mitatu. Kabla ya Pasaka unaitwa mbele ya wazee wa kanisa, unaulizwa maswali. Ukijibu vizuri, na nyumba yako ikiwa safi, unabatizwa, na tangu hapo unakula meza ya Bwana pamoja na wenzako. Asiyebatizwa hutoka nje mkate unapofunuliwa. Mwanafunzi alitoka nje mara nne kwa mwaka, miaka ishirini na kitu, akaketi juu ya jiwe kutungoja sisi tumalize kula.

Kwao wapi, babu yake nani, hayo siandiki. Anayejua anajua, na asiyejua hayatamshibisha. Mimi mwenyewe si msomi. Herufi nilizonazo nilizipata katika darasa hilohilo, na aliyenifundisha ni yeye, kwa kipande cha mkaa juu ya ganda la mgomba. Ukiona mstari umepinda, mlaumu yeye. Yuko kaburini, hatakujibu.

Nianze na yale ya kuchukiza, maana ndiyo yaliyonijia kwanza miaka ile, na sitaki kujifanya nilimpenda tangu mwanzo.

Alikuwa mtu wa ugoro. Wamisheni walipoukataza akauacha siku hiyohiyo, bila kusukumwa, lakini pua yake haikupata habari. Iliendelea kuchuruzika. Aliipangusa kwa kiganja cha kulia, halafu kiganja hicho ndicho alichokupa kukusalimia. "Amani, ndugu." Amani, huku unyevu unakuingia kwenye vidole. Nilikuwa nikifika mlangoni mwa kanisa nashika kitabu kwa mkono wa kulia makusudi, nimpe wa kushoto, na yeye alikuwa anajua, kwa hiyo aliushika huo wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

Halafu tumbo lake. Hakuwa na subira ya chakula hata kidogo. Maharage yakichemka mara moja tu, yeye amekwisha kuchukua upawa.

"Baba, hayajaiva hayo," mke wake wa kwanza alikuwa akimwambia. Huyo tulimwita Mama Mkubwa.

"Yataivia tumboni."

"Tumboni mwako, au kanisani mwetu?"

Na kweli yaliivia kanisani. Wakati wa sala ya toba, watu wote wamenyamaza, ukuta wa nyuma unatoa sauti. Vijana wa kwaya waliuma midomo mpaka machozi. Nilikuwa nageuka kumtazama kwa jicho kali la uzee wa kanisa, naye ameinamisha kichwa, anatubu.

Alitupia mbuzi viatu. Mtu mwenye kigugumizi akiongea alimmalizia sentensi, tena vibaya. Akienda Itumba na wenzake aliwaacha nyuma kilima kizima, kisha akarudi kuwagombeza. Siku moja nilimwuliza waziwazi, nikasema, wewe baba, inakuwaje mtu anayemngoja Mungu miaka yote hii hawezi kungoja maharage? Akacheka, akaonyesha meno matatu.

"Maharage ni yangu," akasema, "nayaharakisha nitakavyo. Ile siku nyingine si yangu."

Sasa kisa chenyewe cha kungoja. Alikuwa na wake wawili. Mama Mkubwa alimwoa mwenyewe. Wa pili, Mama Mdogo, alikuwa mke wa marehemu kaka yake. Kaka alichukuliwa kubeba mizigo ya askari katika vita vya wazungu na hakurudi, hata shuka lake halikurudi. Kwa desturi yetu mjane harudishwi kama mtungi ulioazimwa. Ndugu wa marehemu humchukua pamoja na watoto, anakuwa mkewe. Kwao Mama Mdogo kulikuwa ng'ambo ya mto Songwe, na yale mafua mabaya yaliyokuja baada ya vita yaliwazoa wote, baba, mama, wajomba. Palibaki vichuguu na mgomba uliojiotea.

Sheria ya kanisa ilikuwa hivi: wanawake walioolewa na mume mmoja wanaweza kubatizwa, kwa kuwa wao hawakuchagua. Mume hawezi, mpaka abaki na mmoja. Basi Mama Mkubwa na Mama Mdogo walibatizwa mapema, wakakaa ndani wanakula mkate. Mume wao alikaa nje kwenye jiwe akishika vitoto vyao na jembe la mtu aliyekuja kanisani moja kwa moja kutoka shambani.

Kila mwaka tulimwita kikaoni. Wazee tulikuwa saba, na wanne kati yetu tulifundishwa naye maswali yaleyale tuliyokuwa tunamwuliza. Alijibu kabla swali halijaisha, kama kawaida yake. Nani kakuumba, kwa nini, dhambi ni nini. Mkia wa maswali ndio uliokuwa na mwiba. Swali hilo la mwisho lilikuwa la Mzee Mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa mkubwa wetu sote, mtu wa ndevu nzuri, sauti ya ngoma.

"Una wake wangapi?"

"Wawili. Kama mwaka jana."

"Utamwacha lini mmoja?"

"Nitamwacha aende wapi?"

"Hilo si letu. Mtumaini Bwana, atampa pa kwenda."

"Bwana alikwisha kumpa pa kwenda. Ni kwangu."

"Basi utafanya nini?"

"Nitangoja."

"Utangoja nini, wewe mzee?"

"Bwana aseme na mimi. Au aseme na ninyi."

Tunaandika: bado. Anasimama, anatupa ule mkono wake mmoja mmoja, wote saba, anakwenda zake. Mwenyekiti alikuwa akimsindikiza kwa neno lilelile: "Mngoje Bwana kwa saburi, ndugu yangu." Alilisema kwa utamu, kama mtu anayekuonyesha nyama akiwa anatafuna.

Na hapa lazima nimseme Mwenyekiti, hata kama wajukuu zake watanuna. Yeye pia aliingia darasani na wake wawili. Alikaa mwaka mmoja tu. Alisimama mbele ya watu akasema, nimemwacha yule mdogo, na kweli alimjengea nyumba ng'ambo ya kijito, mbali na boma lake. Watu wakalia kwa furaha, akabatizwa, haukupita muda akawa mzee wa kanisa. Lakini kati ya boma lake na ile nyumba pana njia. Nenda kaitazame. Huku kwetu mvua hainyamazi, nyasi zinaota hata juu ya paa, hata kwenye kaburi la juzi. Njia ile haikuota nyasi. Imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama sakafu. Na watoto waliendelea kuzaliwa ng'ambo ya kijito, wakija na ndevu zao nzuri.

Tulijua. Naandika hivyo: tulijua wote. Tulipita juu ya njia ile kwenda kisimani.

Mwanafunzi alishauriwa na yeye afanye hivyo. Nilikuwepo. Mwenyekiti alimweka kando, akamwambia taratibu, "Jenga ng'ambo. Si mbali. Bwana anaangalia moyo." Mwanafunzi akajikuna kichwa, vidole vikang'aa mafuta. "Mto wenyewe mwembamba hivi," akasema, "Bwana atauruka bila kukunja kanzu."

Mimi sikujenga ng'ambo. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilikuwa na mke wa pili, kijana, mchapakazi, hana kosa. Nilichoka kukaa darasani. Nilitaka kula mkate na wenzangu, nilitaka kuitwa mzee. Asubuhi moja nikamwekea jembe lake na kikapu nje ya mlango. Akauliza, "Nimekosa nini?" Nikamjibu maneno ya kanisani, mengi, sikumbuki hata moja. Akajitwika kikapu akashika njia ya kwenda kijiji cha Mpemba, kwa dada yake, mwendo wa siku mbili, peke yake, na mimi nikaingia ndani kunywa uji.

Pasaka ile nikabatizwa. Vigelegele, mikono, nyimbo. Natoka nje nimevaa jeupe, Mwanafunzi ameketi juu ya jiwe lake. Nikangoja aniambie hongera kama wengine. Akashika mkono wangu na unyevu wake.

"Amefika salama?"

"Nani?"

"Uliyemtoa."

Nikanyang'anya mkono wangu. Nikasema moyoni, mchawi huyu, amekaa nje hata ubatizo wa mwenzake anautia mchanga. Tangu siku hiyo ndipo chuki yangu ilipoanza kunuka. Nilikuwa nikitazama lile doa ukutani natamani kuligongea nyundo. Upole wake ulinitapisha. Nilijiambia ni uvivu tu, amejificha nyuma ya neno kungoja kama mtu anayejificha nyuma ya mlango wakati wa kodi ya kichwa.

Lakini uvivu si kweli, na nilijua si kweli. Kazi yake kuu ilikuwa ulezi, na ulezi ukianza kukomaa lazima uamiwe, mtu ashinde juu ya dungu tangu alfajiri akifukuza ndege, kombeo mkononi. Alikuwa akituambia darasani, "Kungoja ni kuamia. Huwezi kuuambia ulezi uive leo. Lakini ukilala, utakuta mabua." Vijana walicheka kwa sababu alikuwa anarusha mkono kama ana kombeo, na mara moja aligonga taa ya kanisa.

Mwaka mmoja, baridi ya mwezi wa sita, Mama Mkubwa alishikwa na kichomi. Alilala kwenye mkeka, pumzi inakwaruza, hata maji hayapiti. Kikao kikakaa. Nitasema tulichofanya, na ukitaka kutema mate, tema, mimi nimekwisha kutema.

Tulifurahi.

Hatukuita furaha. Tulisema, Bwana anafungua njia. Mama akipumzika, mzee anabaki na mmoja, sheria imetimia, kanisa limeshinda, na hakuna aliyefukuzwa. Mwenyekiti akasema tena fundi wa cherehani wa Itumba ana kazi nyingi, kanzu ya ubatizo isingoje dakika ya mwisho, twendeni tukampime. Tukaenda watu watatu. Mimi ndiye nilibeba kamba ya mgomba ya kupimia.

Tulimkuta ameketi mlangoni anamchujia mkewe uji kwenye kitambaa. Mwenyekiti akaeleza yote, kwa sauti ya kumwonea huruma, nyuso zetu zinang'aa. Mzee akaweka uji chini. Akasimama tu, mikono chini, na mimi nikaanza kumpima. Bega mpaka bega, nikafunga fundo. Bega mpaka kisigino, fundo. Wakati napiga magoti kwenye kisigino nikasikia sauti kutoka kwenye mkeka, sauti kama ya mlango uliokauka.

"Mnampima yeye, au mnanipima mimi?"

Nikaacha kupima. Maana kanzu ya ubatizo na sanda zote ni merikani nyeupe, na kipimo ni kilekile.

"Ni baba, mama," Mwenyekiti akasema. "Ni nguo ya furaha."

"Mwambieni fundi asishone. Na huo uji uletwe, unapoa."

Akaunywa. Kesho yake akanywa tena. Baada ya wiki mbili alikuwa anampigia mumewe kelele za maharage. Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, Mwanafunzi alichukua kamba mkononi mwangu, akafungua mafundo yangu moja moja, kwa kucha, bila haraka, yeye ambaye hakuwa na subira ya fundo lolote. Akanirudishia.

"Kamba nzuri hii. Kafungie mbuzi," akasema. Halafu akamwambia Mwenyekiti, "Nimemngoja Bwana siku nyingi. Hajapata kuniambia kwamba anataka mke wangu afe."

Tukarudi. Njiani Mwenyekiti akasema, "Kiburi kile," nami nikasema ndiyo, kiburi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka uliofuata, ulezi unakomaa na Pasaka imekaribia, tulipata habari kwamba mzungu mkubwa wa misheni atakuja kutazama kanisa. Mwenyekiti akaingia kikaoni amekasirika. Doa limerudi. Akina mama wamepaka mara mbili na limerudi.

"Ni aibu," akasema. "Na mwenye doa ni aibu zaidi. Mtu anayekaa darasani miaka hii yote amekwisha kumkataa Bwana. Tufute jina lake, asiketi tena ndani. Nani anakubali?"

Mikono sita ikainuka. Wa saba ulikuwa wangu, na ukainuka pia. Nikaambiwa nimpelekee habari, kwa kuwa alinifundisha herufi, atasikia kwangu vizuri. Nikachukua kibuyu changu cha togwa nikaondoka.

Shamba lake la ulezi lilikuwa ng'ambo ya kile kijito, kwa hiyo nikaifuata njia isiyoota nyasi. Nimefika majini, namkuta yule mke mdogo wa Mwenyekiti, yule "aliyeachwa", anaosha sufuria. Akanisalimu kwa adabu, akapiga goti.

"Mzee, kikao hakijaisha bado?"

"Kimeisha."

"Basi mwambieni baba watoto aharakishe. Ugali wake unapoa."

Mchana mweupe, hata aibu ya kivuli hakuna. Si kosa la mama yule. Alikuwa amepika, mume anachelewa, afanyeje. Lakini mimi nikasimama palepale na kibuyu changu. Nikaona mikono saba imeinuliwa, na wangu ukiwa mmojawapo. Nikamwona yule mwanamke wangu anajitwika kikapu. Nikajinusa. Sijui niliamua saa ngapi. Nilijikuta nimemwaga togwa kwenye majani na ninasuuza kibuyu, nakijaza maji ya kijito.

"Togwa limechacha?" mama akauliza.

"Mimi ndiye niliyechacha," nikamwambia, nikavuka.

Mwanafunzi alikuwa juu ya dungu lake, kombeo mkononi, anafukuza ndege kwa matusi ambayo mtu wa darasa la ubatizo hapaswi kuyajua. Wake zake wote wawili walikuwa chini wanapalilia kando, migongo imeelekeana. Nikapanda ngazi, nikakaa mbele yake nahema.

"Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Neno gani?"

"Ninalo, lakini hili nililobeba sikutumwa." Nikamwonyesha kibuyu. "Ni maji."

Akakitazama. Akaweka kombeo chini.

"Kila mwaka mmekuja mmetumwa," akasema. "Lile ulilotumwa liache hukohuko. Nipe hili."

Akawaita wake zake. Mama Mdogo alipanda akashika kibuyu, Mama Mkubwa akabaki kwenye ngazi kwa kuwa dungu lilikuwa linalia. Mimi nikaanza maswali. Nani kakuumba. Kwa nini. Akanijibu yote kabla sijamaliza.

"Unamwamini Bwana wako?"

"Ningekuwa simwamini ningekaa kwenye jiwe lile nafanya nini? Namwamini." Kisha akaniinulia kidole. "Hujauliza lile la mkiani."

"Silikumbuki."

"Mwanafunzi mbaya wewe."

"Jina?" nikauliza, maana lazima jina jipya.

"Mmeniita Mwanafunzi mpaka nimezoea. Libaki. Lakini harakisha, ndege wanashuka!"

Na kweli walikuwa wanashuka, wingu zima, juu ya ulezi ambao haukuwa na mtu wa kuurushia jiwe. Nikapokea kibuyu, nikamwaga mara ya kwanza, kwa jina la Baba. Maji yakateleza juu ya yale mafuta ya nyonyo kama juu ya jani la gimbi, yakaanguka shambani.

"Hayakuingia," akasema. "Mwaga sana."

Kwa jina la Mwana. Kwa jina la Roho. Nikamaliza kibuyu chote, na nikamsugua kwa kiganja changu, ngozi, mafuta, mvi, mpaka akalowa. Pua yake ilikuwa inachuruzika na macho pia. Akashika mkono wangu kwa ule mkono wake, sikuunyang'anya.

"Sasa na mimi nikuulize wewe swali," akasema. "Amefika salama?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Basi hilo halingojwi, nenda." Akageuka akarusha jiwe kwa ndege, akatukana.

Nilikwenda kikaoni nikasema nilichofanya. Walinitenga palepale, na ubatizo wakaufuta, wakaandika haukuwa ubatizo. Nilipompelekea Mwanafunzi habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Basi tunaendelea kungoja," akasema. "Tofauti ni kwamba sasa nangoja nimelowa." Hakumwomba mtu yeyote abadilishe. Hakutukana, isipokuwa ndege. Ila Jumapili ya meza ya Bwana iliyofuata, mkate ulipofunuliwa, yeye alisimama kwenda kwenye jiwe lake, na Mama Mkubwa akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nyuma yake. Halafu Mama Mdogo. Mwenyekiti aliendelea kumega mkate na ndevu zake.

Masika ya mwaka wa pili alikufa. Walimzika nje ya ua wa miti ya kanisa, na ndani ya ua wamelala watu ninaowajua mimi. Wajane wake wanakaa pamoja mpaka leo, wanagombania upawa.

Na mimi nilikwenda Mpemba. Siku mbili, miguu hii hii. Niliuliza nyumba kwa nyumba mpaka nikamkuta, ameolewa zamani na fundi wa baiskeli, anatwanga mahindi na binti zake. Akanitambua kabla sijasema. Mchi haukusimama.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuuliza kama ulifika salama."

Akatwanga mara tatu, mara nne.

"Nilifika," akasema. "Nilinyeshewa njia nzima. Umechelewa kuuliza." Akamwambia binti yake anipe maji ya kunywa. Nilikunywa nimesimama, nikarudi.

Sasa ninaketi kwenye benchi la nyuma, upande wa kushoto wa mlango, pamoja na watoto wa darasa la ubatizo wanaonukia sabuni. Mkate ukifunuliwa natoka nao. Jiwe lile lina baridi asubuhi, ukileta gunia inasaidia. Kila mwaka kabla ya Pasaka naitwa kikaoni. Mwenyekiti amezeeka lakini sauti ni ileile, na njia yake haijaota nyasi.

"Umetubu kumbatiza mtu mwenye wake wawili?"

"Nimetubu mengine mengi. Hilo bado."

"Unangoja nini?"

Mnajua nilichomjibu. Nilifundishwa na mtu.

Narudi benchini naegemea ukuta. Mimi ni mrefu kuliko alivyokuwa yeye, kwa hiyo miaka ya kwanza doa lile lilikuwa linanifikia shingoni, nami nilikuwa nakaa mbele kidogo lisinipake. Siku hizi mgongo umeanza kupinda. Mwaka huu limefika nyuma ya masikio.